Baba Alipouimbia Ukuta wa Jericho

Sisi tuliokulia mtaa wa Jericho wa miaka ya tisini hatukuwa na siri. Si kwamba hatukuzitaka; kuta ndizo zilizokataa. Nyumba zetu za kanju, yaani za baraza la jiji, zilishikana bega kwa bega, na ukuta kati ya jamaa moja na nyingine ulizuia macho tu. Masikio yalipita. Jirani akipiga chafya, Mama alimwambia pole bila kuinua uso kutoka kwenye sufuria. Chapati zikianza kunukia nyumba ya tatu, ghafla sote tulikumbuka kwamba tulikuwa na swali gumu la hesabu la kumwuliza mtoto wa huko.

Mchana kutwa tulikuwa nje. Tulicheza kati kwa mpira wa makaratasi, tukacheza brikicho, tukaruka kamba hadi miguu yetu ikafanana rangi na barabara. Hakuna aliyepigiwa simu kuitwa chakula. Mama alisimama mlangoni akapaza sauti mara moja tu: "Nekesa! Nikitoka hapo nje nitakuja na mwiko!" Mimi nilitoka mbio, na watoto wengine wanne ambao hawakuitwa Nekesa walitoka mbio pia, kwa usalama wao. Siku hizi mwanangu namtumia ujumbe kutoka jikoni aje kula, naye yuko sebuleni, na ananijibu kwa kidole gumba cha manjano.

Lakini nilitaka kuwaambia habari za Baba na kanisa la mjini.

Baba alifanya kazi kwenye kiwanda cha sabuni kule Industrial Area. Alikuwa mtu wa maneno machache. Angeweza kurudi nyumbani, akanawa, akala, akasoma gazeti la juzi na akalala, na maneno yote aliyosema yakatosha kwenye kijiko cha chai. Ila Jumapili, kwenye kwaya ya kanisa letu la mtaani, alifungua kinywa na watoto wachanga wakaacha kulia. Ilikuwa sauti ya besi, nzito na yenye mchanga chini yake. Mama alisema aliolewa kwa sababu ya ile sauti na akagundua baadaye kwamba mwenyewe hasemi.

Jumapili moja ya sikukuu ya mavuno tulipata mgeni, mama mfupi mwenye miwani na sketi ya kijivu. Aliitwa Madam Tabitha. Alikuwa mwalimu wa muziki, na ndiye aliyeongoza kwaya ya lile kanisa la zamani la mawe katikati ya jiji, lile lenye madirisha ya vioo vya rangi na kinanda cha mabomba kinachojaza ukuta mzima. Alikuwa akizunguka makanisa ya Eastlands, upande wetu wa jiji, akitafuta sauti za wanaume, maana kabla ya Krismasi kungekuwa na tamasha, nao mabesi wake walikuwa wamezeeka na wawili walikuwa wanakohoa. Ibada ilipokwisha alisimama mbele ya kwaya yetu akanyoosha penseli.

"Yule baba wa safu ya nyuma," akasema, "anayeimba kama lori likipanda mlima. Huyo namtaka."

Baba aligeuka kutazama nani yuko nyuma yake. Kulikuwa na ukuta.

Hivyo ndivyo Baba alivyoanza kwenda mjini kila Jumamosi alasiri. Kanisa lile kwetu watoto lilikuwa mahali pa kupita ukinyamaza. Tuliamini ni la mabalozi, na kwamba ukigusa kiti unakamatwa. Baba alirudi akituambia milango iko wazi siku nzima, kwamba wageni huingia tu na kamera zao kutazama madirisha, na kwamba pale mlangoni kuna mzee wa kanisa ambaye kazi yake ni kusema karibu. "Hata ukiwa na ovaroli?" Mama aliuliza. "Hata ukiwa na ovaroli," Baba akajibu, na tukaona amesema sana siku hiyo.

Alirudi pia na makaratasi yenye solfa, na kazi ambayo Madam Tabitha alimpa yeye peke yake. Katikati ya wimbo, kwaya ingenyamaza, kinanda kingecheza kidogo, kisha Baba angeimba kipande chake akiwa peke yake kabla ya wengine wote kuingia. Kilikuwa kipande kifupi, kwa Kilatini. Baba alikitamka kwa Kibukusu, kila g ikawa k, na Madam Tabitha, ambaye wanaume wazima walimwogopa kama mwalimu wa zamu, alikuwa akipigana na zile k kila Jumamosi na kushindwa.

Tena alimpa ushauri. Alimwambia akifanya mazoezi nyumbani asimame akitazama ukuta, kwa sababu ukuta unakurudishia sauti yako ukaisikia. Madam Tabitha aliishi kwenye nyumba yenye ua na miti. Hakuzijua kuta zetu.

Upande wa pili wa ukuta ule aliishi Baba Njoki, baba wa rafiki yangu Njoki. Alikuwa fundi wa mbao, mtu wa Murang'a, mchangamfu, mwenye penseli sikioni hata siku ya harusi. Alikuwa na raha moja tu maishani: jioni, akitoka kazini, alivua viatu, akakaa kwenye kiti alichokiunda mwenyewe, na kusikiliza taarifa ya habari kwenye redio. Sasa kila jioni, taarifa ilipoanza, ukuta wake nao ulianza. Msomaji wa habari akisema "Mheshimiwa Rais leo," ukuta ulimmalizia kwa Kilatini.

Mwanzoni Baba Njoki aliongeza sauti ya redio. Kisha akaanza kuugonga ukuta kwa mpini wa nyundo. Baba aliposikia ule mdundo alifurahi, akaimba akiufuata. "Jirani ananisaidia mapigo," alimwambia Mama.

Sisi watoto ndio tuliofaidi. Haikuchukua muda kile kipande kikawa chetu. Tulikirukia kamba. Njoki alikuwa Madam Tabitha, akiwa na kikonyo cha sukuma wiki mkononi, na aliyekosea alichapwa nacho miguuni. Mama mmoja wa nyumba za nyuma alimkataza mwanawe kucheza nasi kwa sababu alisikia tukisema maneno ya uganga.

Mwezi wa pili wa mazoezi ulipoingia, Baba Njoki alichoka, akapeleka mashtaka kwa mwenyekiti wa mtaa. Kesi ilisikizwa uani kwetu, mwenyekiti akiwa amekalia ndoo iliyopinduliwa, sisi watoto tukijifanya tunaokota kitu.

"Sikatai mtu kuimba, Mwenyekiti," Baba Njoki alianza. "Mimi mwenyewe naimba kanisani. Lakini binadamu aimbe wimbo unaoisha! Huyu ndugu yangu anaanza, anapanda, anapanda, halafu anaachia hapo hapo juu. Kisha anarudia. Nalala nikingoja wimbo uishe. Nikiwa kazini napiga randa, nauimba. Jana nimekata mguu wa meza ya mteja mfupi kwa ajili ya huyu."

"Baba Nekesa, unasemaje?" mwenyekiti akauliza.

Baba alifikiri. "Ndivyo ulivyoandikwa," akasema.

"Tena mtaa huu unaitwa Jericho," Baba Njoki akaongeza, kidole hewani. "Nimesoma Biblia mimi. Najua yaliyoupata ule ukuta."

Watu walicheka mpaka mwenyekiti akateleza kwenye ndoo. Alipojiweka sawa alitoa hukumu ambayo hadi leo naiona ya busara kuliko za mahakama nyingi: Baba Nekesa amwalike jirani yake kwenye tamasha, akausikie wimbo wote.

"Nitaenda," akasema Baba Njoki. "Lakini tuelewane. Nikienda nikaona ni upuuzi, hakuna kuimba tena ndani ya nyumba. Kamwe. Hata kunguruma."

Mama alimtazama Baba. Sote tulimtazama. Nyumbani kwetu ile sauti ndiyo iliyokuwa mazungumzo yake yote. Akinyimwa kuimba, tungebaki na mtu anayesoma gazeti la juzi.

"Sawa," akasema Baba.

Siku ya tamasha ilikuwa Jumapili alasiri. Baba alitangulia asubuhi, akiwa na suti yake ya harusi na tai ya kipepeo ambayo Mama alimshonea kutoka kwa kitambaa kilichobaki cha makochi. Ukitazama vizuri ungeona nusu ya ua. Sisi tulifuata kwa miguu, Barabara ya Jogoo yote: Mama, mimi, Njoki, na wazazi wa Njoki. Mama Njoki alikuwa ametia nywele zake dawa ya mawimbi, na kila tulipopumzika alidondosha kidogo. Tulipofika langoni tulipanguswa vumbi viatuni kwa majani, na Mama akatupa maagizo: msiguse, msikimbie, msiombe maji, na mkiulizwa mmetoka wapi semeni tumekuja na Baba.

Mlangoni palikuwa na yule mzee, kweli. Alivaa koti jeusi na tabasamu pana. "Karibuni, karibuni nyumbani," alitusalimu mmoja mmoja, hata sisi watoto kwa mkono. "Kaeni popote mnapopenda."

Mama hakuliamini hilo neno popote. Alituelekeza kwenye kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango, ili tukifukuzwa tusiende mbali. Baba Njoki yeye aliliamini. Alipita katikati, kifua mbele, akipapasa kila kiti kwa kiganja kama anayechagua ng'ombe, akaenda kukaa karibu na mbele kabisa, kisha akageuka akatupungia mkono: njooni! Kanisa zima lilitazama anapungia nani. Ikabidi tuende.

Tulikaa kati ya Wazungu wawili wazee na jamaa moja ya Kihindi iliyovaa vizuri kuliko maharusi. Palikuwa na baridi, palinukia nta na maua na mawe ya zamani. Jua lilipita kwenye vile vioo likatumwagia rangi: mkono wa Mama ulikuwa mwekundu, pua ya Njoki ilikuwa kijani, tukaumwa na tumbo kwa kuzuia kicheko. Baba Njoki alikuwa ameinua shingo akitazama mbao za darini. "Hawa hawakuharakishwa na mteja," alinong'ona, na sauti yake ya kunong'ona ilisikika hadi madhabahuni.

Wapiga fidla wakaingia, wakaanza kulinganisha nyuzi zao. Walipomaliza, Mama Njoki alipiga makofi.

"Kama ni huo," Baba Njoki akasema, "nimeshinda kesi."

Kisha kwaya ikaingia, na Baba yumo, safu ya nyuma, akiwa na maua yake ya kochi shingoni. Sikuwahi kumwona akiwa mdogo hivyo. Madam Tabitha aliinua penseli. Kinanda kikaanza, na kiti nilichokalia kikatetemeka mpaka nikakisikia kwenye mifupa ya mapaja. Sijui niwaelezeeje. Nilikuwa nimezoea muziki unaotoka kwenye redio ya betri zilizochemshwa juani. Huu ulitoka kwenye kuta, ukatoka sakafuni. Njoki alinishika mkono, tukaacha kucheka.

Basi wakaimba, wakaimba, wakafika mahali pale. Tulipajua. Kwaya ikanyamaza. Kinanda kikacheza kidogo. Madam Tabitha akamwelekezea Baba penseli.

Baba akafungua kinywa. Hakikutoka kitu.

Macho yake yalikuwa yameona watu. Muda wote wa mazoezi alikuwa ameimba akitazama ukuta, na sasa mbele yake palikuwa na suti na kofia na kamera na jamaa ya Kihindi. Mpiga kinanda alirudia tena ile sehemu, taratibu, kama mtu anayemwita mtoto. Penseli ikaelekezwa tena. Kinywa cha Baba kilifunguka tena, kikajifunga. Mama aliinamisha kichwa akaanza kuomba kwa Kibukusu. Mzungu mzee kando yetu alikohoa kwa adabu, na kile kikohozi kilikuwa kibaya kuliko tusi.

Kinanda kikarudia mara ya tatu. Na pale, ubavuni mwangu, sauti ikatoka.

Ilikuwa ya Baba Njoki. Naapa hata yeye hakujua. Macho yake yalikuwa kwenye mbao za darini na kinywa chake kilikuwa kinaimba kile kipande, Kilatini chenye r nyingi mahali pa l, sauti ya kukwaruza kama randa kwenye mbao mbichi, lakini kila noti ikiwa mahali pake. Jioni zote zile zilikuwa zimemwingia. Alipopiga nyundo aliimba, alipokata mbao aliimba, sasa kinanda kilimpa mwanya wake akaitika.

Mkewe alimfinya. Hakusikia. Watu waligeuka. Madam Tabitha hakugeuka. Penseli yake tu ilisimama hewani.

Nikamtazama Baba. Uso wake ulibadilika. Hofu iliondoka pole pole, na mahali pake pakaja kitu nilichokiona kwake mara chache sana: hasira. Mtu alikuwa anamwimbia wimbo wake! Tena ndani ya kanisa, tena akiwa amekaa! Kifua kilijaa, tai ikainuka, na Baba akaingia katikati ya neno kwa sauti iliyomfanya Mzungu mzee ashike kofia yake. Alimfunika Baba Njoki kama blanketi linavyofunika mtoto. Alipanda, akapanda, akafika pale juu ambapo kila jioni aliachia.

Na safari hii hakukuwa na kurudia. Kwaya yote ikaingia kumpokea, sauti za wanawake kwanza, kisha wanaume wa sauti ya juu, kisha wote, na fidla, na kinanda. Kile kipande kilikuwa swali kumbe, na hili lilikuwa jibu lake. Baba Njoki alikaa amefungua kinywa. Machozi yalimtiririka hadi shingoni, naye hakuyafuta.

"Baba Njoki, unalia?" mkewe akamwuliza.

"Vumbi la mbao."

"Leo Jumapili."

"La jana."

Ilipokwisha, watu walisimama. Mama alipiga kigelegele cha kwao Bungoma ambacho nadhani kile kioo cha rangi bado kinakikumbuka, na yule Mzungu mzee akamwomba amfundishe.

Nje, kanisa lilikuwa limeandaa chai na biskuti kwa kila aliyekuja, na tuliambiwa tena popote, popote, chukueni. Tulikuwa tukichukua, Madam Tabitha akatokea. Baba alikuwa nyuma yake, ametazama chini.

"Nani aliimba pale kwenye viti?" Madam akauliza.

Jericho nzima ilitazama biskuti zake. Kisha Mama Njoki, bila kuulizwa mara ya pili, akamnyooshea mumewe kidole.

"Madam, sikukusudia," Baba Njoki akaanza. "Huyu ananiimbia ukutani. Muulize. Kuna kesi."

Madam Tabitha alimtazama juu ya miwani, kuanzia viatu hadi penseli ya sikioni. "Wewe ni besi," akasema. "Mbaya, lakini besi. Mazoezi ni Jumamosi. Usichelewe." Akaenda zake kunywa chai.

Wale wanaume wawili walibaki wametazamana.

"Sikuogopa," Baba akasema. "Nilikuwa napumzika."

"Niliona," Baba Njoki akajibu. "Nikakushikia kidogo."

Wakapeana mkono, wakacheka, na hukumu ya mwenyekiti ikaisha hapo. Mama na Mama Njoki ndio walioingia hasara. Tangu wiki ile, jioni zote, Baba aliimba akitazama ukuta wake na Baba Njoki aliimba akitazama wake, pua kwa pua bila kuonana, wakisahihishana kwa mpini wa nyundo. Taarifa ya habari tulikwenda kuisikiliza nyumba ya nne.

Baba alipostaafu alirudi Bungoma. Ana shamba kubwa la kuimbia sasa, lakini ananilalamikia kwenye simu kwamba sauti inakwenda tu hairudi. Baba Njoki hatunaye tena. Tulimzika kwao, kwaya yote ya mjini ikiwepo. Kanisa liko palepale, na tamasha bado zipo. Nilimpeleka mwanangu mwaka jana. Alikaa vizuri, akarekodi dakika nzima ya muziki, akaweka mtandaoni, akavaa vile vitu vyake vya masikioni akasikiliza kingine. "Ni poa, mathe," aliniambia nilipomwuliza. Alimaanisha, nadhani.

Siku hizi naishi mtaa wa Fedha, kwenye ghorofa yenye kuta nene na lifti. Majirani nawajua kwa magari yao. Miezi michache iliyopita, jioni, nikiwa nakata vitunguu, nilisikia fidla juu ya dari. Mtu alikuwa anajifunza. Alikosea, akarudia, akakosea palepale, akarudia. Nilizima jiko nikasikiliza nikiwa nimesimama na kisu mkononi. Jioni iliyofuata alipiga tena. Wiki nzima. Nikaanza kukijua kile kipande, nikakiimba kwa puani ofisini.

Jumamosi nikaandika kwenye kundi la simu la wakazi: "Habari zenu majirani. Naomba kujua, ni nani anayepiga fidla jioni?"

Nilitaka kumwambia hongera. Nilikuwa hata nimefikiria kumpelekea chapati.

Jibu lilikuja upesi, namba isiyo na jina: "Pole sana kwa usumbufu. Haitarudiwa tena."

Niliandika haraka kwamba hapana, nimeipenda, endelea tafadhali. Niliandika tena siku ya pili. Msimamizi wa jengo akanikumbusha kwamba kundi ni la mambo ya maji na taka tu. Nimepanda ngazi nikasimama kwenye korido ya juu, milango minne, yote ya chuma, yote imefungwa, nisijue nigonge upi.

Jioni bado nazima jiko nikasikiliza. Kuta zetu ni nzuri sana. Hakuna kinachopita.